Anayemwonea Wivu Barnabas Ogweno Asome Hapa

Na Joyline Angwenyi, Klabu ya Mbio Ndefu ya Rangwe

Baada ya miaka kumi na tisa ya kukimbia kwa mshahara, Barnabas Ogweno anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Kutakuwa na keki, soda na hotuba. Nimepewa ukurasa huu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea maji na chakula njiani, na nimeombwa niandike mambo ya kufurahisha. Nitajaribu.

Ogweno alikuwa mwanariadha wetu wa kwanza kuajiriwa na kampuni ya viatu kukimbia zile mbio zinazoanza pale marathoni inapoishia: kilomita mia, wakati mwingine zaidi, milimani na jangwani. Alishinda tatu ughaibuni. Mazoezini alitoka Rangwe hadi Migori kwa miguu, akala samaki wa kukaanga akiwa amesimama, kisha akageuza. Watu wa bodaboda walimhurumia wakidhani amekosa nauli, wakawa wanamwambia apande tu bure.

Vichekesho navyo havikukosa. Alfajiri moja huko Ulaya, akiwa katikati ya mbio na hajafumba jicho tangu jana yake, alisimama mbele ya kibao cha barabarani, akakisalimia kwa Dholuo, akakiuliza habari za watoto, na akakasirika kiliponyamaza. Kucha zake za miguu zilitoka zote. Hapa klabuni vijana walizicheka picha za vidole hivyo, kisha wakauliza viatu vyake vipya ni saizi gani. Hapo ndipo wivu ulipo, jamani! Watu waliona ndege, viatu na picha za magazetini. Wakasema huyu analipwa kufanya kile sisi tunachofanya bure, Mungu ampe nini tena?

Basi niwaambie. Mwaka wa 2019 babake Ogweno, mzee wa ng'ombe wengi, alifariki. Kwa Wajaluo, mzee kama huyo akifa kuna tero buru: wanaume huwaswaga ng'ombe mbio hadi mpakani mwa kijiji ili kukifukuza kifo, na wanawe hawakosi. Kijiji kizima kilikuwa kinangoja kumwona Ogweno siku hiyo. Mimi mwenyewe nilifika mapema nipate pa kusimama.

Meneja wa kampuni akapiga simu. Mashindano yalikuwa karibu, na mkataba ulikataza mbio yoyote nje ya ratiba. Akiteguka mguu kwenye mashimo na ng'ombe, kazi imeisha. Ogweno alikuwa na watoto shuleni. Akatii. Alisimama kando ya ua na suti yake ya mazoezi, mikono mfukoni, wazee wenye bakora wakimpita mbio huku wanalia. Babake mdogo, Mzee Nyagaya, alisimama mbele yake akamuuliza, watu wote wakisikia, kama miguu hiyo ilizaliwa na Wazungu. Wiki mbili baadaye Ogweno alishinda mashindano yale. Nilimpa maji kwenye utepe wa kumalizia, akayamwaga chini, akalia kama mtoto. Gazeti liliandika kwamba ilikuwa furaha.

Agosti mwaka huu Mzee Nyagaya naye akafariki. Safari hii Ogweno hakumsikiliza mtu. Alikuwa ameshawaaga watu wa kampuni. Akashika fimbo, akatangulia mbele ya wote. Hakufika mbali. Goti lake, ambalo kwa miaka lilikuwa likichomwa sindano ili lisidai kupumzika, lilikataa, akaanguka hata kabla ya kufika shule ya msingi ya kijiji. Ng'ombe wakampita, wazee wakampita, vumbi likamfunika. Bingwa wa kilomita mia alirudishwa nyumbani akiwa ameshikiliwa huku na huku na shemeji zake, na hakuna aliyethubutu kumtania. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Aliyemwinua pale chini ni Elvis, mkimbiaji wetu wa mita elfu kumi. Aliona yote kwa macho yake. Juzi ameomba nafasi ya Ogweno, na kampuni imempa. Tumempigia makofi, tungefanya nini?

Kaka Barnabas, asante kwa jasho lako na kwa jina ulilotupatia. Uishi vizuri nyumbani na mkeo Marcella, goti lipate nafuu, na mtu asikusumbue. Elvis naye tunamtakia ushindi, na tunamwomba Mungu awaweke wazazi wake hai mpaka mkataba wake uishe.