Rula, Msusi, na Kichwa Alichokiacha Nusu

Marehemu, ambaye wateja walimwita Rula kwa jinsi mistari yake ilivyonyooka, alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1989, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii mlimoketi, akawa mtoto pekee wa mama yake mpaka tarehe 2 Juni 2005, alipozaliwa mdogo wake wa kike.

Alianza shule ya msingi mwaka 1997, akamaliza mwaka 2003 akiwa wa kwanza darasani, akajiunga na sekondari, lakini mwishoni mwa kidato cha pili baba aliondoka bila kuaga, mama akachukua kazi ya usafi ya zamu ya usiku, na kwa kuwa mtoto mchanga hajilei, Rula alikunja sare yake, akambeba mdogo wake mgongoni, na sare ile hakuikunjua tena.

Ususi hakufundishwa na mtu, aliupata kwa kumtazama jirani, na mwaka 2008 alifungua saluni ya kiti kimoja na kioo chenye ufa, ubavuni mwa duka la dawa. Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa na fundi baiskeli, aliyejua tangu siku ya posa kwamba anaoa pamoja na shemeji, na ambaye alizoea kutania kwamba mkubwa wa nyumba yao ni kitabu cha shemeji, na tarehe 9 Agosti 2017 walijaliwa binti mmoja.

Desemba 2019 mdogo wake alileta ripoti ya kidato cha kwanza iliyokuwa nyekundu juu hadi chini, naye Rula hakumgombeza, alivuta stuli akaiweka kando ya kiti cha saluni, akamwambia asome kwa sauti, kwamba msusi na mteja ndio darasa lake. Kwa kuwa kusukwa ni kazi ya nusu siku na mteja hana pa kukimbilia, wengi walitoka pale wakijua mapafu yanavyovuta hewa na mto unavyochimba bonde, mmoja akilalamika, "Jamani, nimekuja kusukwa au kufanya mtihani?" na Rula akimjibu, "Tulia shoga, mstari ukipinda usinilaumu, mjibu kwanza mtoto."

Alilokataza ni moja tu, mdogo wake kugusa nywele, na siku alipomkuta akimsukia binti yule mdogo mwanasesere wake alimpiga vidole kwa kitana, akasema, "Mkono huo ni wa kalamu, ukishaonja nywele hurudi shule," na waliokuwepo walijua anamsema nani.

Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022 mdogo wake aliufeli, hisabati ikiwa mkiani, na siku ya matokeo Rula alisuka kutwa, kesho yake akairudisha stuli mahali pake kando ya kiti, akaenda kumwandikisha upya arudie kidato cha nne.

Shinikizo lake la damu lilikuwa limegunduliwa tangu Februari 2021, akapewa dawa na kuambiwa apunguze kusimama, naye akamuuliza daktari kama amewahi kuona msusi anayesuka amelala. Alhamisi, tarehe 16 Novemba 2023, saa nane mchana, akiwa amemaliza upande wa kulia wa kichwa cha muuguzi mmoja, huku mdogo wake akimsomea kanuni za pembetatu kwa ajili ya mtihani wa hisabati wa kesho yake, alisema, "Rudia hapo," kisha kitana kikamponyoka, na mdogo wake, akidhani amekosea, akairudia kanuni nzima kabla hajageuka kumwona sakafuni. Alifariki hospitalini kwa kiharusi saa kumi na mbili na robo jioni, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, ameacha mume, binti, mama na mdogo wake.

Familia inawashukuru madaktari waliopigana hadi dakika ya mwisho, majirani waliotuletea viti na maji kabla hatujaomba, wasusi wenzake waliofunga saluni zao, na yule muuguzi, aliyempeleka hospitalini na kumshika mkono njia nzima, nusu ya kichwa chake mwenyewe ikiwa haijasukwa.

Ijumaa asubuhi mama alimvalisha mdogo mtu sare ambayo Rula aliipiga pasi Jumatano, akamwambia, "Nenda mwanangu, ndicho alichokitaka," naye akaenda, lakini njia ya shule inapita saluni, na mlangoni alimkuta muuguzi amefuata mkoba wake, kichwa amekifunga kitambaa. Mdogo mtu alifungua mlango, akakiokota kitana, akasema, "Kaa, dada," na muuguzi alipouliza, "Na mtihani, mdogo wangu?" alijibu, "Rula hakuwahi kumtoa mtu kichwa nusu." Saa mbili, mtihani ulipoanza, alikuwa akikata mstari wa tatu kwa mikono ambayo haijawahi kusuka kichwa cha mtu, akamaliza saa sita, na muuguzi yupo hapa mbele yenu, mtazameni, hakuna atakayeonyesha mkono wa Rula ulipoishia.

Pumzika sasa, Rula, umesimama vya kutosha.