Mifuko Niliyoificha Chini ya Kanga

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Msifuni tena, maana mbele yenu amesimama bibi aliyenyenyekezwa na ng'ombe.

Shule sikuisoma sana, ila kiburi nilikuwa nacho tele. Kila nikienda kwetu Kilifi, nilifunga zawadi mojamoja kwenye mifuko ya plastiki ya maduka ya hapa Tottenham, watu waone bibi katoka London. Kule mifuko hiyo imepigwa marufuku. Nikaificha chini ya kanga, nikapita nayo!

Mdogo wangu Kadzo na kina mama wenzake huokota plastiki ufuoni kila Jumamosi. Chupa, ndara, nyavu zilizokatika, wanajaza magunia na kuyabeba kichwani. Mimi nimekaa kitini nawacheka. "Kadzo, umeolewa na jaa?"

"Cheka tu, dada. Lakini mifuko yako usiitupe. Nipe mimi."

Sikumpa. Niliitupa nyuma ya nyumba, kama miaka yote. Mdogo wangu anifundishe usafi?

Ndugu zangu, Kadzo alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yaliyowalea wajukuu wake. Kabla sijarudi huku London, ng'ombe akaacha kula. Tumbo likavimba, ikabidi achinjwe. Mchinjaji akavuta tumboni donge kama godoro bovu, akalipasua. Ndani nikauona mfuko wa kijani wa Tottenham. Maandishi bado yanasomeka!

Kadzo hakunitukana. Afadhali angenitukana. Siku tatu hakunisemesha, nami nikamlilia Mungu hadi sauti ikakauka.

Jumamosi nikaenda ufuoni mwenyewe. Nikapiga magoti mchangani mbele ya wale kina mama wote niliowacheka. Nikasema, "Mdogo wangu, ng'ombe wako nimemuua mimi."

Kadzo akanitupia gunia. "Haya, dada. Chini umeshafika. Anza hapo hapo."

Wenzake wakaangua kicheko. Nikaokota huku nalia, na kiburi kikanitoka. Haleluya!

Ng'ombe yule harudi, na bado naumia. Lakini sasa dukani naenda na kikapu changu cha ukindu, binti yangu aone haya akitaka. Zawadi nazifunga kwa kanga. Na kila Jumamosi Kadzo hunipigia simu kutoka ufuoni nisikie kina mama wakiimba.

Wewe mama uliyekaa hapo na shingo ngumu kama yangu, usiogope kuinama. Mungu alinikuta mimi magotini, gunia mkononi, akaninyanyua. Mwamini, nawe atakukuta. Asante, Yesu wangu!