Kabari ya Melkizedeki

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto kidogo, aliye njiani asogeze redio sikioni. Leo tunamkumbuka Melkizedeki Nnko wa Maji ya Chai, dereva wa lori la magogo. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Alifia kazini, chini ya tairi la lori alilolilalamikia kwa miaka sita. Narudia, lisipite hivi hivi: miaka sita.

Ujana wake uliishia kwenye misitu ya pwani, huko Lindi. Mkewe, mama Ndeshi, anasema alikuwa anarudi mara mbili kwa mwaka akinuka dizeli na utomvu, watoto wanamkimbia mpaka aoge. Huko malori yalikuwa yamezeeka na mashine za kupakia zimefungwa kwa waya. Madereva hawakuziamini breki. Kila mmoja alijichongea kabari yake, kipande cha mti mgumu cha kuzuia tairi, na hakuna aliyemwazima mwenzake. Ya Melkizedeki ilikuwa ya mti wa mkongo. Nimeibeba. Ni nzito kama mtoto anayejifunza kutembea.

Miti ya pwani ilipopungua, mwenye kampuni alilileta lori la Melkizedeki na mashine ya kupakia huku kwetu, kwenye misonobari ya Mlima Meru. Yaani lori lililochoka kwenye tambarare, ndilo likaletwa kupanda mlima! Melkizedeki alilifuata. Alitania kwamba wote wawili wamestaafishwa pamoja, ila yeye bado ana meno.

Breki ya mkono ilikuwa haishiki. Kila Jumatatu aliandika hivyo kwenye daftari la gari. Msimamizi alikuwa na jibu moja tu: "Si una kabari?"

Basi kabari ikageuzwa breki. Kile alichokichonga mtu kujiokoa kikawa sababu ya kutomnunulia kipuri.

Machi mwaka huu ikasemekana wakaguzi wanakuja. Msimamizi akamwamuru aipeleke kabari nyumbani, maana mkaguzi akiiona atauliza breki iko wapi. Melkizedeki alikataa. Akaambiwa kule mjini, Elerai, kumejaa madereva wanaotafuta kazi. Akaibeba, akaisukuma chini ya kitanda. Mama Ndeshi alipouliza kulikoni, alimjibu, "Wageni wanakuja. Tumeambiwa tufiche aibu ya nyumba."

Wakaguzi hawakuja. Kesho yake asubuhi, kabari ikiwa bado chini ya kitanda, kwenye mteremko Melkizedeki alizuia tairi kwa jiwe aliloliokota. Mvua ilikuwa imenyesha. Mashine iliposhusha gogo la tatu kwenye lori, jiwe likateleza kwenye tope na lori likarudi nyuma. Yeye alikuwa nyuma, anakaza mnyororo.

Sasa sikilizeni kampuni ilichoandika. Dereva alifanya uzembe, hakuweka kabari.

Nimeisoma taarifa hiyo kwa macho yangu. Uzembe! Binti yake, Evelyn, aliniambia hataki kingine kutoka kwao, anataka neno hilo lifutwe. "Baba alikuwa akifunga mlango, anarudi mara tatu kuangalia kama ameufunga," alisema. "Huyo ndiye mzembe?"

Siku ya maziko kampuni ilileta shada la maua kwa lori lile lile. Nilikuwepo. Lori likaegeshwa upande wa juu wa boma, penye mwinamo, na chini yake tumekaa sisi waombolezaji, kwaya ya usharika inaimba. Mama Ndeshi aliinuka, akaingia ndani, akatoka amekumbatia kitu ndani ya kanga. Akapanda mpaka kwenye lori, akapiga magoti na nguo zake za msiba, akaiingiza kabari chini ya tairi.

Msimamizi akamwambia asijisumbue, breki imefungwa.

"Watu wangu wamekaa huku chini," alisema mama Ndeshi. Kisha akamgeukia Hans, aliyekuwa utingo wa marehemu na sasa ndiye dereva. "Hans, mwanangu, inashika?"

Hans alitazama viatu vyake. "Haishiki, mama. Tangu niijue haijashika. Na nilikuwepo baba alipoamriwa aitoe kabari."



Wasikilizaji wapendwa, taarifa bado inasema uzembe. Lakini Hans ameyaandika aliyoyasikia na kutia sahihi, na Evelyn ameyapeleka panapohusika. Mimi naamini neno lile litafutika. Mama Ndeshi, Evelyn, ukoo wa Nnko na usharika wote, poleni sana. Bwana awatie nguvu. Na wewe mwenye watu chini yako, jiulize jioni hii: ni tahadhari ya nani unayoitumia kukwepa wajibu wako?

Maziko yalipokwisha, lori lilitakiwa kurudi mlimani. Msimamizi alimfuata mama Ndeshi, safari hii kwa shikamoo, akaomba aazimwe ile kabari.

Mama Ndeshi aliifunga kwenye kanga yake. "Tengeneza breki," akamwambia.