Mwalimu Tak Mi-seon na Darasa Lililokatwa Vipande Viwili

Huyu tunayemlaza leo kando ya wazazi wake ni Mwalimu Tak Mi-seon, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Tak Sang-gu na marehemu Bi. Maeng Bok-sun. Alizaliwa tarehe 2 Machi 1964 hapa hapa Haenam, katika nyumba ya wakulima wa kabichi. Mdogo wake Gi-hwan, ndiye anayewasomea wasifu huu, alipooza miguu akiwa bado mdogo. Kila msimu wa kutia kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili ya akiba ya majira ya baridi, majirani walipojaa uani, Gi-hwan aliwekwa barazani aangalie. Mwaka mmoja Mi-seon, msichana wa miaka tisa, alimburura pamoja na mkeka wake hadi kwenye mabeseni, akampa kinu na vitunguu saumu. Mama alipofoka, binti akajibu, "Mama, mikono yake haijapooza." Kimchi ya mwaka huo ilizidi vitunguu saumu, ikaliwa hivyo hivyo mpaka ikaisha.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari ya wasichana huko Mokpo. Alihitimu ualimu wa chekechea mjini Gwangju mwaka 1986, na baadaye akarudi darasani jioni kusomea elimu ya watoto wenye ulemavu. Alikuwa mbishi, walimu wake waliliona hilo mapema.

Mwaka 1993 alifunga ndoa na Bwana Seo Byeong-cheol, fundi umeme. Walipokwenda kisiwani Jeju kwa fungate, bibi harusi aliokota mawe na makombe ya pwani gunia zima, bwana harusi akalibeba hadi nyumbani. "Nilidhani ni kumbukumbu yetu," Bwana Seo husema. "Kumbe ni vifaa vya darasani." Hawakujaliwa mtoto.

Kwa miaka mingi alifundisha katika chekechea moja ya Gwangju, darasa la pamoja, watoto wenye ulemavu na wasio nao. Kila mwezi alichukua jambo moja, na watoto wakalijua kwa mikono yao: mvua, soko, mpunga uliooteshwa ndooni. Asiyeona alinusa, asiyetembea alikaa penye mizani akawa ndiye muuzaji. Hakuna mtoto aliyekuja pale kuangalia wenzake. Alichotaka katika maisha yake ni darasa hilo libaki moja, basi.

Novemba 2016 ulikuwa mwezi wa kimchi. Noh Eun-chan, wa miaka mitano, alikuwa hasemi, na hakustahimili kitu chenye majimaji kimguse mkono. Mwalimu alimpa kazi ya kurusha chumvi ya mawe kwenye kabichi. Aliipenda mno, hata wenzake wakawa wanamletea kabichi zao na kupanga foleni. Siku ya wazazi kuja kutazama somo, mkuu wa chekechea aliingia kabla ya wageni.

"Mwalimu Tak, huyu mbona yuko peke yake? Wazazi watatuonaje? Mvalishe glavu apake pilipili kama wenzake."

"Mkuu, ukimlazimisha atapiga kelele. Chumvi ndiyo kazi yake, tena anaiweza."

"Kwa leo tu. Picha moja, halafu arudi kwenye chumvi yake."

Mwalimu alikataa. Alipogeuka kupokea wageni, mkuu alimwagiza mwalimu msaidizi, naye akamshika mtoto na kumtumbukiza mikono ndani ya pilipili. Eun-chan alipiga ukelele, beseni likapinduka, pilipili ikamwingia msichana mmoja jichoni. Jicho lilioshwa likapona siku hiyo hiyo. Wazazi ndio hawakupoa.

"Kwani ni lazima wangu akae na hawa?" mama wa yule msichana alisema, na mama Eun-chan amesimama pale pale.

Mkuu alinyamaza kuhusu agizo lake, akamtaka Mwalimu Tak aombe radhi. Mwalimu aliinama mpaka chini. "Nisamehe, mama. Mtoto wako ameumia akiwa mikononi mwangu. Lakini kumwambia Eun-chan amekosa, hilo sitamwambia."

Kabla ya Krismasi ukuta ulijengwa kulikata darasa, watoto wenye ulemavu wakatengewa upande mdogo. Waliambiwa ni wa usalama. Mwalimu Tak alikwenda na watoto wa upande mdogo, akaomba kila mwaka ukuta uvunjwe, na kila mwaka akaambiwa asubiri. Wazazi waliowahi kumsifu hawakusema neno. Baadhi yao wapo hapa leo, na tunawashukuru kwa kuja.

Agosti 2022 alianza kuumwa tumbo. Ikagundulika ni saratani ya kongosho. Mwezi uliopita mwalimu mwenzake alimtembelea wodini akiwa na salamu za mkuu.

"Ukuta wameshauvunja?" mgonjwa aliuliza.

"Bado, dada."

"Basi salamu zake mrudishie."

Alifariki Jumatatu tarehe 13 Novemba 2023, asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Jana mkuu alileta shada la maua refu kuliko yote, utepe wake umeandikwa: "Kwa Mama wa Darasa la Pamoja." Bwana Seo aliukata utepe huo kwa mkasi wake wa kazini. Wageni walioshangaa, sababu ndiyo hiyo.

Ameacha mume, mdogo wake Gi-hwan, wifi yake, na wapwa wawili. Ameacha pia watoto saba wa upande mdogo, ambao leo asubuhi wameulizia aliko mwalimu wao.

Katika misiba huwa tunasema marehemu ameondoka ameridhika. Mi-seon hakuridhika, na sisi ndugu zake hatutamsingizia. Mungu ampe amani ambayo sisi hatukumpa.