Fundi Wino, Aliyechonga Picha za Waliolala Nje

Ndugu waombolezaji, nasoma kwa niaba ya familia: marehemu mwanetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Wino kwa sababu vidole vyake havikutakata hata siku ya harusi yake, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, katika chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu.

Alianza darasa la kwanza Januari 1978, na mwaka uliofuata, baba yake alipofariki na mwenye nyumba akabadilisha kufuli, alilala na mama yake na ndugu zake kwenye baraza la duka la viatu, tangu Juni hadi Novemba, wala hakufika shule hata siku moja bila kunawa uso.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1988, akaajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji Februari 1989, na huko akajifunza kuchonga picha kwenye ubao, kuupaka wino na kuisugua karatasi juu yake kwa mgongo wa kijiko, alichokichukua jikoni kwa mama yake bila kuomba. Aliwachonga wasio na makazi, wa stendi na wa chini ya daraja, kwa sharti moja, kwamba nakala ya kwanza anapelekewa aliyechorwa, na akiikataa, picha haitoki.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996 na fundi cherehani wa mtaani kwetu, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2015 alimpelekea mama yake picha ya lile baraza, mama amelala katikati ya wanawe, naye akaikataa mbele ya wajukuu, akisema, "Baba, mimi pale sikulala, nilikaa macho nikiwalinda, wewe ungejuaje na ulikuwa unakoroma?" Marehemu alicheka mpaka machozi, na ubao ule ukawa kuni.

Alianza kuumwa figo Agosti 2022, na akiwa wodini akachonga ubao mwingine, mama ameketi wima, macho wazi, akaumaliza, lakini akafariki tarehe 2 Mei 2023 kabla ya kuuchapa. Jana asubuhi mama yake aliupaka wino, akasugua kwa kijiko kile kile, akaitazama picha, akaikubali, na ndiyo hiyo mnayoiona juu ya jeneza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia vumbi la mbao kwenye mashuka, majirani mliopika tangu juzi, wafanyakazi wenzake, na ninyi mliotoka stendi na barazani kuja kumzika mtu wenu.

Lala, mwanetu, pumzika kwa amani, mama yako yuko macho.