Kitunguu Kilichomwokoa Shangazi Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasimama mbele yenu kichwa wazi, mnitazame kila upande, kwa maana ushuhuda wangu umeota utosini.

Mnanijua. Niliacha shule darasa la tano nikawa mtu wa njia: nimebeba magunia ya mpunga Rujewa, nimechunga ng'ombe wa watu Usangu, nimekuwa utingo wa lori hadi Mbeya. Kila mahali nilitaka kujua kilichoko mbele. Miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa baba akafariki, nikarudi nyumbani Iringa kumzika.

Kwetu, mkishazika, wafiwa hunyolewa na shangazi. Nywele hufukiwa, asije mtu mbaya akaziokota. Shangazi Maria, dada yake baba, alitunyoa sote, akaenda kuzifukia peke yake. Hapo ndipo alipokosea: hakwenda na shahidi.

Nywele za wenzangu zikaota. Mimi nikabaki na mabaka matatu ya mviringo, laini kama yai. Maneno yakaanzia kisimani, ati shangazi ameniroga. Baba mdogo Lazaro akamwuliza mbele ya watu nywele za mtoto wa marehemu amezipeleka wapi.

"Ziko mgombani," shangazi akamjibu. "Chukua jembe uzichimbue, Lazaro, maana shambani kwako hatujakuona nalo."

Watu walicheka, lakini kicheko hakikumsaidia. Ikaamuliwa kwa balozi wa nyumba kumi kwamba mvua zikianza nami bado niko vile, shangazi ahame kijiji. Mjane asiye na mtoto, ahamie wapi? Ndugu zangu, nililia! Nikaomba: Bwana, nywele si kitu, mwokoe huyu mama.

Ajabu, ni yeye aliyeniita. Akasema bibi yake alitibu mabaka kama hayo kwa kitunguu maji: unaponda, unakamua, unapaka asubuhi na jioni, kisha mafuta ya nyonyo ngozi isikauke. Nikamwonya kwamba nisipopona watasema kitunguu ndicho uchawi wenyewe.

"Bora wanifukuze nikiwa nakutibu," akasema.

Nikamwomba tupake mabaka mawili tu, la tatu, nyuma ya sikio, tuliache, ili tujue kama dawa ndiyo inayofanya kazi. Akaniambia shule niliyoikimbia bado inanifuata.

Nilikwenda pia kwa daktari. Alinikagua, akasema si mapunye. Mapunye yangehitaji vidonge. Akanieleza kwamba mwili wenyewe hushambulia mizizi ya nywele, lakini mizizi haifi, na kwa wengi nywele hurudi hata bila dawa. Kuhusu kitunguu hakucheka. Alisema kina salfa na huwasha ngozi, na hata madaktari huwasha ngozi kwa dawa zao ili kuamsha mizizi iliyolala. Niendelee, nikiona vidonda niache.

Basi nikanuka! Kanisani benchi zima lilikuwa langu. Lakini Mungu ni mwema: vikatokea vinyweleo vyeupe, laini kama vya kifaranga, kisha vikawa vyeusi. Kwenye mabaka mawili! La tatu likabaki jangwa.

Mawingu yalipokuwa yanakusanyika tukaitwa kwa balozi. Watu wakanipapasa kichwa kama wanaonunua boga. Baba mdogo akaweka kidole nyuma ya sikio, akasema hapa bado shangazi amepashikilia. Nikawaeleza kwamba hapo hatukupaka kitu, kisha nikampa kitunguu.

"Hapa paka wewe, baba mdogo. Mkono wako hauna uchawi."

Akakiponda palepale, machozi yakimtiririka. Balozi akasema shangazi asiguswe mpaka kazi ya Lazaro ionekane. Kila siku baba mdogo alikuja kunipaka. Na baka lake likaota! Akaenda mwenyewe kwa balozi kufuta maneno yake, kisha akaingia kwa shangazi, akaketi, akaomba chakula. Alipewa.

Shangazi yuko hapa, benchi la pili. Asante Yesu! Ndugu yangu unayepoteza nywele, usitafute mchawi. Mwone daktari, mwulize shangazi, jaribu kwa subira. Mtumaini Mungu aliyeweka dawa bustanini na akili vichwani mwetu, hata vyenye vipara. Amina.