Mama Karatasi, Aliyesoma Barua Yote

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasoma maisha ya dada yangu, kama yalivyoandikwa na mume wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mshonaji, akasoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1959 hadi 1966, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1972 akahitimu mafunzo ya uhazili, akiwa wa kwanza darasani kwa kasi ya kupiga chapa, jambo ambalo hakuchoka kutukumbusha.

Januari 1973 aliajiriwa katika ofisi ya wilaya, chumba cha pili kutoka masijala, akatumikia hapo miaka thelathini na tatu, na kuanzia 1980 akawa pia katibu wa kanisa hili, msomaji wa matangazo ya Jumapili. Asichoandikiwa hakukisoma, na alichoandikiwa hakukipunguza, kiwe kimeletwa na mkuu wa wilaya au na mwanakwaya, ndipo waumini wakambatiza jina la Mama Karatasi.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mwalimu wa fizikia, wakajaliwa binti wawili na mwana mmoja, na sasa wajukuu watano.

Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi, mgombea ubunge aliahidi mabati ya paa la kanisa, na mchungaji akamwandikia katibu tangazo la kumkaribisha mimbarini, akabana nyuma yake, bila kukusudia, barua ya mgombea mwenyewe, iliyosema kwamba mabati yangeletwa baada ya waumini kuelekezwa wampigie yeye kura. Mchungaji alipoona kosa lake alimwambia, “Mama, soma tangazo, barua achana nayo,” naye akamjibu kwamba vilikuja vimebanwa pamoja. Jumapili ya tarehe 8 Oktoba alisoma vyote viwili, hadi sahihi, na mgombea akaondoka kabla ya sadaka.

Mabati hayakuja. Misimu miwili ya mvua watu waliabudu wakihamahama na mabenchi, na marehemu alivuliwa ukatibu, naye akaendelea kuja na kukaa benchi la nyuma, ambako kina mama walimtania, “Mama Karatasi, basi tufunike na hizo karatasi zako.” Alicheka nao, lakini nyumbani aliuliza mara nyingi kama haki yake ilistahili kulowesha watoto wa watu. Mume wake, ambaye leo anaona vyema aseme ukweli, alimwandikia barua ya kumwomba mchungaji radhi, aitie sahihi tu ili amalize maneno, naye akaisoma, akasahihisha mkato mmoja, akairudisha bila sahihi.

Mwaka 1998 waumini walileta mabati wenyewe, huyu moja, yule mawili, ya rangi mbalimbali kama mnavyoyaona, na mwaka uliofuata akarudishwa ukatibu, akauendesha hadi 2014.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2019. Mchungaji yule, sasa mstaafu, alimtembelea wodini akamwomba msamaha, naye akamwambia, “Nami niliwanyeshea mvua, mchungaji wangu, tusameheane,” wakashikana mikono. Alifariki tarehe 6 Juni 2021, saa nne asubuhi, mume wake akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, majirani waliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake wa ofisi ya wilaya. Tunawashukuru pia viongozi wa serikali, wa vyama na wa dini mlioomba nafasi ya kusema, ila marehemu aliacha maandishi kwamba kwenye mazishi yake pasiwe na hotuba ya mkubwa yeyote, na kwamba anayempenda ambebe, hivyo tunawaomba, waheshimiwa, mje mshike jeneza pamoja na majirani, kwa zamu.

Pumzika sasa, mke mwema, katika amani ya Mungu.